Mahari ya Meno

Nilipomkuta Ekuru amelala chini ya kibanda cha mikoma nyuma ya nyumba ya dada yake, mashavu yamevimba na kitenge kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kumpiga. Sisemi kwa mzaha. Nilitaka kumpiga kofi moja, halafu nimkumbatie, halafu nimpige la pili.

Alikuwa amefumba macho. Jua la Lodwar mwezi wa pili halina huruma na mgonjwa, na upepo ulikuwa unapuliza mchanga mpaka kwenye shuka lake. Nilisimama pale na mkoba wangu begani, jasho linanitiririka mgongoni, nikamtazama mwanamume niliyempenda kuliko nilivyotaka.

"Ekuru."

Akafumbua macho. Ilimchukua muda kuamini kwamba ni mimi. Kisha akatabasamu, na hapo ndipo nilipoliona. Katikati ya meno yake ya chini, mbele kabisa, palikuwa na pengo jekundu lenye nyuzi nyeusi za daktari.

"Fumba," nikamwambia. "Fumba huo mdomo kabla sijakufumba mimi."

Akafumba.

Yaani tabasamu lile! Ndilo lililonimaliza. Ekuru huleta samaki wakavu kutoka Kalokol hadi Kakuma, na mimi nina kibanda cha chakula katika soko la kambi ya wakimbizi. Alikuwa akipiga mluzi tangu mbali ili wanawake wajue samaki wamefika, na wenzangu wote walikuwa wakikimbilia magunia. Mimi nilikuwa nikijifanya nakoroga sufuria. Alikuwa anakuja mwenyewe, ananichagulia samaki wanene, ananitabasamia na meno yake yote meupe, na mimi namwambia samaki wako wananuka. Hivyo ndivyo tulivyopendana, kwa kutukanana.

Kisha akapotea. Simu ikawa imezimwa. Nikahesabu kwamba amechoka nami, nikalia, nikajiapiza kwamba sitalia tena. Halafu mwenzake wa kubeba magunia, anaitwa Ekidor, akatokea sokoni peke yake.

"Mtu wako iko Lodwar kwa Nakiru," akaniambia. "Ametolewa meno."

"Maskini! Yalikuwa yanamuuma?"

"Hapana. Zilikuwa mzima." Akageuka upande ili nisimwone anavyocheka. "Uliza wazee wenu Wadinka."

Sikuuliza wazee. Nilimwambia baba mdogo kwamba jino linaniuma vibaya, nikaenda kuwaambia hivyohivyo watu wa vibali vya kutoka kambini, nikashika shavu na kukunja uso mpaka wakanihurumia, nikapata ruhusa ya kwenda hospitali Lodwar. Ndiyo, nilidanganya. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningesema hata miguu imekatika.

"Agot," Ekuru akasema. Jina langu lilitoka limepondeka. "Umekuja."

"Nimekuja kuona kama una wazimu au umerogwa. Kama umerogwa nitakusamehe."

Kabla hajajibu, dada yake akatoka jikoni na kikombe cha bati. Nakiru ni mwanamke mrefu, shingo imejaa shanga, na ana macho ambayo hayaombi radhi kwa mtu. Niliwahi kumwona mara moja tu, na siku hiyo alinipokea vizuri.

"Ejok," nikamsalimia.

Hakuitikia. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, dada."

"Dada ya nani? Watu yenu wamekula meno ya ndugu yangu, halafu unakuja hapa unaniita dada!" Akapiga magoti karibu na Ekuru, akamwinua kichwa. "Sukutua. Polepole. Usiteme kwa nguvu, acha maji itoke yenyewe."

Ekuru akasukutua yale maji ya chumvi, akainamisha kichwa, yakachuruzika mchangani yakiwa na rangi ya damu. Niliona jinsi alivyokaza mikono. Nikafungua mkoba wangu haraka, nikatoa soda baridi niliyoinunua njiani, nikachomeka mrija.

"Kunywa hii. Itakupoza."

Nakiru aliunyakua ule mrija mkononi mwangu akautupa. "Unataka damu ianze tena? Daktari amesema hakuna kufyonza kitu, hakuna chai ya moto, hakuna jua. Ile damu imeganda kwa shimo ndiyo inafunga kidonda. Ukifyonza, inatoka. Usiku mzima tulikuwa tunabadilisha pamba, wewe ulikuwa wapi?"

Nikaona aibu, na aibu ile ikanipandisha hasira zaidi.

"Sikuambiwa! Ningejuaje? Ndugu yako alizima simu."

"Aliizima juu alikuwa hawezi kuongea. Homa ilimpiga mpaka akaanza kuita mbuzi wa baba yetu. Mimi ndiye nilimtoa Kakuma nikamleta hapa hospitali wakamsafisha, wakamshona, wakamdunga sindano."

"Nani alimng'oa?" nikauliza.

Ekuru akatazama miguu yake.

"Ekuru, nimekuuliza. Nani?"

"Mzee Lomunokol. Kule Lopur."

"Huyo ni daktari?"

"Daktari!" Nakiru akacheka cheko kavu. "Huyo ni mzee wa kitambo, anatoa na chuma. Daktari wa hapa alikataa. Alimwambia yeye hang'oi meno mzima ya mtu ambaye hana shida. Ndiyo huyu mjinga akaenda kutafuta mzee porini."

"Nakiru, tuache kidogo," Ekuru akasema.

"Siendi. Hii ni boma yangu."

Lakini akaenda. Akaenda hadi jikoni tu, akaacha mlango wazi, na kelele za sufuria zikakoma ili asikie vizuri.

Nikaketi kwenye ngozi karibu naye. Nilitaka kumgusa uso, nikajizuia. Nilijua nikimgusa tu, hasira yangu itayeyuka kabla sijaambiwa ukweli, na mimi nilikuwa naihitaji hasira ile.

"Niambie."

Alisema polepole, akishikilia taya kwa kiganja.

"Ile siku nilikuja na wazee wangu kwa baba yako mdogo. Unaikumbuka?"

Nitaisahau vipi? Ilikuwa wiki ya baada ya Krismasi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachemsha chai, na niliwasikia wazee wakicheka kwa sauti. Nikafikiri, wanacheka, basi mambo ni mazuri. Jioni baba mdogo aliniambia neno moja tu, "Tutaona," nami nikalala na furaha ya kijinga.

"Aliniambia mimi ni kijana mzuri," Ekuru akaendelea. "Akasema, lakini mdomo yako imejaa meno kama ya mtoto. Akasema kwenu mwanaume mzima ametolewa meno ya chini. Nikitolewa, nirudi tuongee. Wazee wenu wakacheka. Mimi sikucheka."

"Ekuru! Ule ulikuwa mzaha. Alikuwa anakufukuza kwa adabu!"

"Kwenu ni kufukuza. Kwetu Turkana si hivyo." Akajaribu kuinuka, akakunja uso kwa maumivu, akabaki ameegemea kiwiko. "Agot, sikiza. Kwetu ukienda kuposa, mtu akikuomba kitu, hajakukataa. Mwenye anakataa, hakuombi kitu. Akikuomba ngamia, unatafuta ngamia. Akikuomba tumbaku, unaleta tumbaku. Wazee wangu walitoka pale wanaimba. Walisema umepata mke. Baba yako mdogo hakuniomba ngamia. Aliniomba meno. Nikasema, hii ni rahisi. Hii niko nayo."

Hebu fikiria. Baba mdogo alidhani amefunga mlango, na huyu mwanamume akasikia amefunguliwa. Alitembea kutoka pale akiwa bwana harusi.

"Na mimi je?" nikamuuliza. Nikafungua mdomo wangu nikauvuta mdomo wa chini kwa vidole. "Tazama! Tazama vizuri. Nimezaliwa kambini, nina meno yote. Marehemu baba yangu alisema hakuna mtoto wake atakayeng'olewa jino. Vijana wote niliosoma nao wana meno yote. Hakuna anayefanya tena! Ungeniuliza, ningekwambia. Ungenitazama tu mdomoni, ungejua."

"Nilikuwa nakutazama macho."

"Usiniletee maneno matamu na mdomo unaovuja damu."

Akataka kutabasamu, akakumbuka, akaacha. Na pale akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

"Nilimwonyesha."

"Ulimwonyesha nani?"

"Baba yako mdogo. Nikitoka Lopur nilienda kwake moja kwa moja. Damu ilikuwa bado. Nilitaka aone ni mbichi, asiseme nimemdanganya."

"Lini?"

"Siku ile ile."

Nikarudisha siku nyuma kichwani. Siku ile baba mdogo alirudi nyumbani jioni, akanawa mikono, akala samaki niliowapika, akaniomba mchuzi zaidi. Nilikuwa na macho mekundu kwa sababu simu ya Ekuru ilikuwa imezimwa, naye aliniona, akaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Alijua. Alikaa mbele yangu akila, naye alijua yule kijana amelala mahali akitoka damu kwa ajili ya neno lake.

"Akasemaje alipoona?"

"Aliangalia sana. Halafu akasema..." Ekuru akasita.

"Sema!"

"Akasema mbili ni ya Turkana. Wadinka ni sita."

Kutoka jikoni Nakiru akapaza sauti. "Hata babu yetu alikuwa hana hizo mbili! Alienda kutafuta Udinka, akarudi Mturkana wa kitambo!"

Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda kooni. Nilikimeza. Mzee Lomunokol wa watu alikuwa ametoa meno anayoyajua yeye, yale ambayo Waturkana wa zamani walikuwa wakiyatoa. Nani alimwambia kuna hesabu nyingine? Na huyu wangu akapeleka mahari ya kabila lake kwa mzee wa kabila lingine, na mzee yule, badala ya kuona haya, akadai salio.

"Kwa hivyo imebaki nne," Ekuru akasema, kwa utulivu kabisa. "Ijumaa daktari anaangalia kidonda. Hii homa ikiisha, narudi Lopur. Nimeshaambia mzee."

Nikasimama.

"Unasema nini?"

"Nne tu, Agot."

"Umekaribia kufa kwa mawili!"

"Sijakufa."

"Ekuru, nisikilize kwa makini, maana nitasema mara moja. Uliuliza wazee wako. Ukamuuliza baba mdogo. Ukamuuliza daktari, akakataa. Ukamuuliza Lomunokol. Mimi uliniuliza lini? Nani alikuja kuniuliza, Agot, mdomo huu unaupenda ulivyo? Agot, wewe mwenyewe unanitaka? Hakuna! Mmekaa wanaume mnapelekeana meno, mimi nachemsha chai!"

"Nilitaka nikupate!"

"Mimi si gunia la samaki la kupatwa!"

Akaketi kwa nguvu. Sasa yeye naye alikuwa amekasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika. Shingo ilisimama mishipa.

"Unafikiri ni wewe pekee iko na hasira? Mwaka mzima kule soko yenu mimi ni yule Turkana wa samaki. Sina jina. Nilileta wazee wangu, Agot. Walioga. Walivaa shuka mpya. Wakakaa kwa jua wakachekwa, na mzee Ejore ni mtu watu wa Kalokol wote wanamheshimu! Nilitaka siku moja mtu wa kwenu aniangalie aseme huyu amefika, huyu ni mtu. Kama ni meno, wachukue. Wachukue yote! Mimi nitakula uji mpaka nizeeke, lakini nitakula na wewe!"

Neno la mwisho lilitoka na damu. Ilimwagika kidevuni, ikadondoka kwenye shuka. Akaweka mkono mdomoni, na juu ya mkono ule macho yake yakanitazama kwa hofu.

Sikufikiri. Nikapiga magoti, nikachukua pamba safi kwenye sahani, nikaikunja. "Fungua. Fungua, nimesema." Nikaiweka juu ya kidonda, nikamfunga taya kwa viganja vyangu viwili. "Uma. Usiongee. Uma tu."

Akauma. Tukabaki hivyo, uso wake mikononi mwangu, homa yake inanichoma viganja. Hatukuwa tumewahi kuwa karibu kiasi kile, maana kambini kuna macho kila mahali. Nikaona kovu dogo juu ya nyusi yake ambalo sikuwahi kuliona. Nikaona kope zake zina mchanga. Alinitazama bila kupepesa, naye alikuwa na haya, na mimi nikahisi mapenzi yananijia kwa nguvu mpaka nikachukia. Nilichukia kwamba mtu anaweza kumpenda mwenzake kiasi cha kujiharibu. Nilichukia kwamba mimi ningefanya vilevile.

"Mjinga wewe," nikamnong'oneza. "Nilikuwa nakupenda na mdomo wako uliojaa."

Chozi moja likamtoka. Nikalifuta kwa kidole gumba, si kwa upole.

Damu ilipopungua, nikanyoosha mkono kwa mkoba, nikatoa simu. Ekuru akatikisa kichwa kwa nguvu. Nikamwonyesha kidole: uma pamba. Nikapiga, nikaweka sauti ya kusikika kwa wote.

"Agot," sauti ya baba mdogo ikaja kwa lugha yetu. "Umefika hospitali? Jino linaendeleaje?"

Kwa kawaida tunaongea lugha yetu. Siku hiyo nilishika Kiswahili, ili Ekuru asikie kila neno, na baba mdogo akanifuata bila kujua.

"Jino langu ni zima, Baba mdogo. Yote ni mazima. Niko hapa Lodwar, mtaa wa Kanamkemer, kwa dada yake Ekuru."

Hakuuliza ni Ekuru gani.

"Alikuja kwako anatoka damu," nikasema. "Ulimwona. Ukarudi nyumbani ukala chakula changu."

"Mimi nilisema maneno tu. Nilijua atakimbia. Mtu ya akili anakimbia."

"Hakukimbia."

"Nimeona hakukimbia." Alivuta pumzi. "Wallahi, hata mimi iliniuma tumbo."

"Ikakuuma tumbo ukamwambia alete manne mengine!"

"Ungetaka niseme nini? Niseme karibu? Agot, rudi nyumbani. Kuot anakuja kutoka Bor na wazee wake kukuposa. Huyo anajua nyumba yetu. Huyo alijua baba yako. Wewe ukienda kwa Turkana, watoto yako watasema lugha gani? Watajua kaburi ya babu yao iko wapi? Ndugu yangu aliniachia wewe mkononi. Nikikutana na yeye huko juu nitamwambia nini?"

Hapo nusura nivunjike. Baba mdogo alinibeba mabegani nikiwa mdogo. Alikuwa akijinyima mgao wake wa mafuta nipate sare ya shule. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana niliumia vile. Ningekuwa na baba mdogo mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Utamwambia," nikasema, "kwamba alisema hakuna mtoto wake atakayeng'olewa jino, na wewe umemng'oa mkwe wake."

Nikasikia jogoo wa jirani yetu akiwika upande wa pili wa simu.

"Agot. Rudi leo."

"Sirudi leo, Baba mdogo. Nalala hapa."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilijua nimefanya nini. Kwetu, msichana akienda mwenyewe akalala kwa watu wa mvulana, mambo ya "tutaona" yamekwisha. Hakuna tena kuweka masharti ya mzaha. Ama wazee wanakuja kuzungumzia ng'ombe, ama wanakuja na fimbo, ama wanasema huyo si mtoto wetu tena na hawaji kabisa. Wasichana wengi wamefanya hivyo. Wengine hawakuitwa nyumbani tena, wakazaa bila mama wala shangazi mlangoni.

"Unajua umesema nini?" akauliza.

"Najua."

"Khalas, imeisha," akasema. Simu ikakatika.

Nakiru alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko, uji unadondoka chini naye hana habari.

"Amesema nini mwisho?"

"Amekata."

"Atakuja na vijana?"

"Sijui, dada. Huenda asije kabisa."

Nakiru akaja, akauokota mkoba wangu mchangani, akaukung'uta vumbi, akaingia nao nyumbani. Akiwa ndani ndipo akapaza sauti.

"Utalala na mimi kwa kitanda! Yeye analala huko nje na shimo yake. Harusi bado!"

Ekuru alikuwa ameitoa pamba mdomoni. Aliikagua, akaona damu imekoma, akaiweka kando. Kisha akanitazama, na uso wake wote ule uliovimba ukawa na woga ambao sikuuona hata alipokuwa anatoka damu.

"Agot, naweza kukuuliza kitu?"

"Kama ni juu ya Lomunokol, usithubutu."

"Si Lomunokol." Alimeza mate kwa shida. "Wewe mwenyewe. Unanitaka?"

Nilikuwa nimesafiri, nimedanganya, nimegombana na dada yake, nimekata kamba na mtu aliyenilea, na huyu bwana ndiyo kwanza anauliza. Nilitaka kucheka na kulia na kumrushia kikombe cha bati.

"Nakutaka," nikamwambia. "Nakutaka, na hasira yangu haijaisha, na huenda isiishe mwaka huu. Lakini sikia. Ukitolewa jino lingine, hata likiwa bovu, hata likikunyima usingizi, utakuja kwangu kwanza uniulize. Na nikisema hapana, ni hapana."

"Na ukisema ndiyo?"

"Nitakushika mkono. Sasa lala, usipigwe na huo upepo."

Akalala. Nikamwekea shuka lililokunjwa chini ya kichwa ili kikae juu, kama daktari alivyoagiza. Vidole vyake vikavitafuta vyangu, vikavipata. Nikaviacha. Nakiru akaleta uji uliopoa, akanipa mimi bakuli na kijiko, akamwangalia ndugu yake, akaniangalia mimi, akasonya, akaondoka.

Nilikuwa sijamlisha hata kijiko cha pili simu ilipolia. Baba mdogo. Ekuru akaketi wima. Niliitazama ikilia mkononi, nikajiandaa. Nilijua matusi yote anayoyajua. Nilikuwa na majibu ya kila moja, yamepangana ulimini. Nikapokea, nikasubiri.

Nilisikia anavyopumua. Nilisikia mtu akimwita kwa mbali naye hakuitikia.

"Baba mdogo?"

"Umekula?" akauliza kwa lugha yetu.

Nikalitazama bakuli la uji.

"Bado."

"Kula. Usikae na njaa kwa watu." Akakohoa. "Jumamosi nitakuja na wazee. Waambie hao watu wako watafute ng'ombe, na wasitafute wachache. Sikubali wachache."

"Nitawaambia."

"Na huyo kijana," akasema, "mwambie asing'oe kitu kingine."

Akakata. Ekuru alikuwa ananivuta mkono, anauliza amesema nini, amesema nini. Niliweka bakuli chini, nikafunika uso kwa kanga yangu, nikalia kwa hasira yote niliyokuja nayo kutoka Kakuma.